Mguu wa Breki

3 Machi

Pilipili,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta. Sasa tulia usome kama mtu aliyelelewa.

Sindano na vidonge vya tezi dume naendelea navyo, na daktari anasema saratani imelala. Kinachonitesa ni joto tu. Nimekaa zangu garini, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho chapachapa, mwanafunzi ananitazama akidhani amenitisha. Ndizo sindano hizo, zinazima homoni za kiume. Wifi yako anacheka hadi machozi. Ananikaribisha kwenye chama cha wanawake waliokoma hedhi, ananiambia kiti changu kiko mstari wa mbele. Sasa naelewa mlikuwa mnalalamikia nini, na naomba radhi kwa niaba ya wanaume wote.

Tatizo langu hasa ni gari. Wewe hujawahi kupanda gari la shule ya udereva, kwa hiyo nikueleze: mwanafunzi ana pedali zake, na mimi nikikaa pembeni yake nina breki yangu ya akiba. Mguu wangu wa kulia haujabanduka juu ya ile breki tangu nilipoanza kazi hii. Ndiyo maana hapa mtaani mpaka watoto wananiita Mwalimu Breki. Sasa hiyo pedali imelegea. Nakanyaga, nahisi nakanyaga godoro. Fundi ametoa hewa kwenye mabomba, amemwaga mafuta ya breki akatia mapya, juzi amebadilisha na pedi. Ananikabidhi gari anasema, "Mwalimu, breki kali hizi." Nikikaa mimi, godoro lilelile. Nimemwambia akajifunze kazi upya. Amenuna.

Kiti nacho kimechoka. Mgongo unaniuma hapa katikati, halafu maumivu yanazunguka mbavuni kama mkanda uliokazwa. Nimeweka mto, wapi. Ajabu ni kwamba nikilala ndiyo unazidi, na nikikohoa ndiyo usiseme. Uzee huo, dada, na wewe unakuja nyuma yangu.

Usianze kuniambia nipumzike. Nina mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, tunamwita Mama Taratibu kwa sababu akiendesha hata kuku wanatupita. Ameanguka mtihani mara nyingi hadi mtahini anamsalimia kwa kumuuliza habari za wajukuu. Nimeapa safari hii atapata leseni, na atapatia mikononi mwangu.

Na usimpigie wifi yako kuhusu mgongo. Simu ya nyumba hii inaongelewa kwa spika, nikishtukia niko kliniki katikati ya masomo. Ndiyo maana nakuandikia.

Kaka yako


12 Machi

Kaka,

Barua yako ilinikuta juu ya ngazi, pazia la ukumbi mzima likiwa limenielemea begani. Nilicheka nilipofika kwenye habari za joto, karibu nianguke. Karibu chamani. Tutakupa na kipepeo cha kujipepea.

Halafu nikashuka, nikaweka pazia, nikasoma tena. Sikucheka tena sana.

Mgongo umeanza lini? Usinijibu "juzijuzi". Daktari umemwambia? Kipimo cha damu, kile cha kuangalia kama saratani imelala kweli, mara ya mwisho ulikwenda lini na kilisema nini? Uliponiambia ugonjwa huu ulisema umeshatoka kwenye tezi umefika mbali kidogo. Mbali wapi? Ulilipitisha neno hilo haraka kama mtu anayevuka barabara, na mimi mjinga nikakuacha upite.

Na kuna jingine. Mimi ni fundi wa mapazia, gari najua kupanda na kushuka, kwa hiyo kama ni swali la kijinga nicheke unijibu hivyohivyo. Huyo Mama Taratibu akikanyaga breki yake, gari linasimamaje?

Nijibu yote. Usichague.

Pilipili


20 Machi

Pilipili,

Ebo! Ungekuwa polisi ungetesa watu. Haya, andika maelezo ya mshtakiwa.

Mgongo ulianza kabla ya mwaka mpya. Daktari nilimwambia sina neno. Fikiria kidogo: mwalimu wa udereva akisema ana maumivu, kinachofuata ni barua kwenda ofisi ya leseni, na baada ya hapo nakaa sebuleni namtazama wifi yako akikunja nguo. Kipimo cha damu sikukiendea mara ya mwisho. Siku ile nilikuwa na wanafunzi kwenye mtihani, nitawaacha vipi? Na "mbali" ni kwenye mifupa. Mifupa michache. Umeridhika?

Swali lako la gari si la kijinga, ila jibu lake halikusaidii. Mama Taratibu akikanyaga, gari linasimama vizuri mno, tunakaribia kubusu kioo. Fundi naye alikaa kwenye kiti changu mbele ya macho yangu, akakanyaga, likanasa papo hapo. Fundi ana mguu mzito, huyo hawezi kuwa kipimo. Nasema pedali yangu ina kasoro ambayo bado hawajaiona, na kesho gari linarudi kwake atake asitake.

Jana hiyo kasoro ilitaka kutuua. Lori lilitoka kinyumenyume kwenye lango la ghala bila hata honi. Nilikanyaga. Haki ya Mungu, Pilipili, nilikanyaga, na gari likaendelea kwenda. Aliyelisimamisha ni Mama Taratibu mwenyewe, kwa mguu wake, akasimama sentimita chache na lile lori. Nilimpongeza. Nilimwambia sasa yuko tayari kwa mtihani wa mwisho wa mwezi. Aliponikazia macho, nikamwambia ni joto.

Mengine ni ya kuchekesha. Jumamosi wifi yako aliniuliza mbona natembea na kandambili moja. Nyingine imebaki kwenye korido, wala sina habari. Kwenye ngazi za ofisi sasa nashika ukuta, nasingizia nakagua rangi. Chooni nako nasimama kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, nasubiri mkojo ujisikie kutoka, na haja kubwa imegoma tangu wiki iliyopita. Nakula mapapai hadi nayachukia.

Umejibiwa yote. Sasa niache nifanye kazi.

Kaka yako


28 Machi

Kwa fundi wa mapazia,

Naandika nikiwa chali. Wamenikataza hata kuinua kichwa, kwa hiyo mwandiko ukipinda, mlaumu aliyesababisha.

Nilikueleza siri zangu kama ndugu. Juzi asubuhi niko langoni na wanafunzi wangu, injini inaunguruma, mkubwa wa shule anakuja, anafungua mlango, ananyoosha mkono mbele ya Mama Taratibu na kuchomoa ufunguo. "Dada yako amenipigia simu," anasema. Mbele ya watu! Nyuma yake wifi yako amesimama na begi limeshafungwa, macho mekundu, hataki kunitazama. Nikasema nashuka mwenyewe. Nikashuka. Mguu ukakataa. Nilianguka kwenye changarawe, wanafunzi wakaja kuniinua kwa makwapa kama mlevi.

Na unajua nani alinileta hospitali? Mkubwa wa shule hawezi gari la gia, hilo ndilo jambo ambalo shule nzima tunamfichia. Mama Taratibu akasema, "Mlazeni nyuma." Akaendesha. Nimelala nyuma kichwa changu kiko mapajani mwa wifi yako, natazama dari la gari langu mwenyewe, nasikia anabadilisha gia, na sina pedali.

Wamenipiga picha ya MRI. Wamenitia dawa ya mshipa. Watu wanakimbizana hapa kana kwamba nyumba inaungua, na kila mmoja ananiuliza kama nahisi anaponigusa vidole vya miguu.

Miaka yote ile ya kazi, na ndivyo nilivyotolewa. Usiniandikie.

Mimi


4 Aprili

Kaka,

Umesema nisikuandikie. Nimesikia. Naandika.

Barua yako ya kwanza na ile ya kandambili nilimsomea jirani yangu, ambaye ni muuguzi. Nilitaka tucheke wote. Alicheka tulipofika kwenye mapapai. Kisha akaniomba nirudie hapo kwenye mkanda wa mbavuni, na hapo pa kandambili, na pa mkojo. Akaninyang'anya karatasi akaimalizia mwenyewe. Akasema, "Funga barua, chukua simu. Sasa hivi."

Alinieleza wakati nahangaika kutafuta namba. Saratani ya tezi dume ikisafiri hupenda mifupa, na uti wa mgongo ndiyo makao yake. Ikivimba huko inabana mishipa ya fahamu inayoshuka kwenda miguuni na kwenye kibofu. Mgongo unaozidi ukilala au ukikohoa, maumivu yanayozunguka kifuani, miguu inayolegea, ganzi, mkojo na choo kugoma: mtu mwenye saratani kama yako akiona hayo hasubiri tarehe ya kliniki. Anakwenda siku hiyohiyo. Anayefika bado anatembea, mara nyingi anabaki anatembea. Anayefika miguu imeshazima, mara nyingi ndiyo basi.

Breki zako zilikuwa nzima tangu mwanzo, kaka. Ni mguu uliokuwa haukanyagi. Mwombe radhi fundi wa watu.

Ningekuandikia, barua ingetembea wiki. Ningekupigia wewe, ungesema huna neno. Nikampigia wifi, akapiga kelele moja tu, kisha akaniuliza afunge nini kwenye begi. Halafu nikampigia mkubwa wako, kwa sababu wifi peke yake ungemzungusha kwa maneno hadi jioni. Na kwa sababu kuna watoto wanaovuka barabara mbele ya hilo gari. Hilo nalo ulipaswa kulifikiria wewe, si mimi.

Sijutii. Ningeirudia kesho, na ningepiga na kipaza sauti. Nichukie unavyotaka, ila nataka unichukie ukiwa unatembea.

Tangu siku ile nakata vitambaa vya watu ovyo. Nimeharibu pazia la mteja, nimelifupisha mara mbili upande mmoja. Ninaogopa, kaka, ndio ukweli wenyewe. Nitaandika kila wiki. Usijibu kama hutaki.

Pilipili


21 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Kaka yako yuko ndani anabishana na binti wa mazoezi ya viungo. Binti mwenyewe ni mdogo, ukimpuliza anaanguka, lakini anamwamrisha "simama, kaa, simama" hadi mwalimu wa watu anatafuta breki.

Nianze na zuri. Anasimama. Siku za kwanza mguu wa kulia ulikuwa umelala tu pale kitandani, unauinua unaanguka, na mimi nilitoka nje nikalia hadi mfagiaji akaniletea maji. Walimpa ile dawa ya kupunguza uvimbe kwenye mgongo, kisha wakamtia mionzi mara kadhaa. Daktari alisema tumefika mlango ukiwa unafungwa. Wiki iliyopita vidole vikaanza kucheza. Sasa anashika fremu ya kutembelea na kwenda hadi dirishani. Mpira wa mkojo wameutoa, anakojoa mwenyewe, na kila mara anatangaza kwa wodi nzima.

Namna ya kutuliza maumivu tumejifunza upya. Alikuwa anabania dawa. Anangoja hadi jasho limtoke ndipo anakubali kunywa, akidhani ndio uanaume. Muuguzi mkuu akamweleza kwamba dawa hii inanywewa kwa saa zake, iwe inauma au haiumi, ukingoja iume umeshachelewa. Na kwa kuwa inafunga choo, inakwenda pamoja na dawa ya kulainisha. Mapapai tumeyapa likizo. Miguu nampaka mafuta na kuikagua kila siku, maana ganzi bado ipo, anaweza kujichubua asijue.

Mama Taratibu alikuja jana. Amefaulu! Aliiweka leseni juu ya shuka, kifuani kwa kaka yako. Alilia, wifi. Kaka yako, mbele za watu. Akasema ni joto.

Jina lako hataki litajwe. Lakini mtu wa barua akichelewa anauliza kama barabara zimefungwa.

Sasa baya. Daktari alituambia waziwazi: ugonjwa huu hauponi tena, ila unaweza kushikwa, pengine kwa muda mrefu, mradi kila jipya likitokea waambiwe mapema. Na kaka yako haambii. Daktari akipita asubuhi anauliza, "Unaendeleaje?" Yeye, "Sina neno." Daktari akishageuka ananinong'oneza mimi kwamba mgongo umemnyima usingizi. Nami nakimbia koridoni kumfuata mtu wa watu. Nimechoka kuwa mkalimani wa mwili wake. Siku moja nitakuwa nimekwenda kununua sabuni, na hilo neno halitafika.

Naambiwa tutarudi nyumbani karibuni. Ndicho ninachokiogopa.

Wifi yako


9 Juni

Pilipili,

Barua zako zote zimefika. Usijivune.

Nimekuwa nikikuandikia hii kichwani tangu nitoke hospitali, na kila nikifika mahali pa kukushukuru napandwa na hasira naacha. Ulikuwa sahihi. Basi, nimesema. Lakini mtu akiwa sahihi hasira haipungui, ndiyo kwanza inazidi. Ulinivua kazi langoni, nimeanguka kwenye changarawe mbele ya watu niliowafundisha. Hilo nikilikumbuka bado uso unawaka, na safari hii si sindano.

Fundi wa gari nimemwomba radhi. Alikuja nyumbani na mkewe, akakaa, akasema alijua breki ni nzima ila aliona aibu kumwambia mwalimu kwamba mguu wake ndio mbovu. Mtu mzima na akili zake! Nilimfokea, kisha tukacheka.

Kibali cha kufundishia barabarani nimekirudisha mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Mama Taratibu alinishusha langoni, nikashika fremu yangu, nikapita uwanja wote wa mazoezi, koni kwa koni, wanafunzi wamesimamisha magari wananitazama. Mkubwa wa shule akatoka mbio na kiti. Nikamwambia akirudishe. Nikafika mezani kwake, nikakiweka kibali, nikapumua. Akaniuliza kama ningefundisha alama za barabarani darasani, kwa kukaa. Nikasema nitafikiri. Nilifikiri hadi Jumanne. Sasa nina darasa la asubuhi, nawachosha kwa maswali, na nikichoka mimi nawapa zoezi nafumba macho. Uchovu huu ni mwingine, dada, unakuja bila kufanya kazi. Nimejifunza kugawa siku: asubuhi darasa, mchana kitanda, jioni natembea hadi dukani na kurudi.

Lakini si hayo yaliyonikalisha kuandika. Ni kliniki ya Alhamisi.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi, mguu mmoja ndani mwingine nje, kama kawaida yake. Wagonjwa wamejaa huko nje hadi kwenye ngazi. Akauliza, "Vipi, mzee, kuna maumivu?" Nami neno langu lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo nikamwona wifi yako. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amekunja mkoba tayari, anangoja niseme sina neno ili ainuke amkimbilie koridoni. Amekonda, Pilipili. Nywele zimemwota mvi na mimi sina habari. Nimekaa na huyu mwanamke nyumba moja, nilikuwa natazama breki.

Nikamshika goti asiinuke. Nikasema, "Yapo. Nyonga ya kushoto, nikikanyaga. Wiki mbili sasa, na yanazidi." Nikaona nimeshaanza, nikamalizia: "Na ninaogopa."

Daktari aliingiza ule mguu wa nje. Akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa. Muda wote ule ananitibu, sijawahi kumwona mtu yule amekaa.

Walinipiga picha palepale. Mfupa wa nyonga umeliwa, umebaki mwembamba. Ngazi moja ya ovyo ungevunjika, na hapo hakuna cha darasa wala cha dukani. Wamenitia mionzi mara moja, naambiwa baada ya siku chache maumivu yanashuka, na kweli yameanza kushuka. Natundikiwa na dripu ya kuimarisha mifupa, na vidonge vya saratani wamebadilisha, maana damu ilionyesha vile vya zamani vimeshazoewa na ugonjwa. Vikichoka na hivi, vipo vingine vya kujaribu. Nilimuuliza na lile swali lenyewe, nimebakiwa na muda gani. Hakunificha na hakuniahidi. Alisema ni kazi ya kushikilia, na kwamba kwenye kazi hiyo yeye anaona kile tu ninachomwambia. Wifi yako alikuwa anatazama ukutani, machozi yanamdondoka, na mkoba ameuachia chini.

Tulipotoka alinishika mkono hadi nje. Kisha akasema, "Leo nimekaa kama mgeni." Alikuwa anacheka.

Basi na wewe nakuambia mwenyewe, asikupelekee mtu habari zangu. Mgongo unauma asubuhi, ukipata dawa unatulia. Nyonga afadhali. Mguu wa kulia una ganzi hadi kwenye kifundo, naukagua kwa macho. Mkojo unatoka. Nalia mara kwa mara bila sababu. Ninaogopa kufa, na ninaogopa zaidi kufa wewe ukiwa huko na hii hasira ikiwa hapa, hatujagombana hata mara moja uso kwa uso.

Waambie wateja wafunike madirisha kwa magazeti. Njoo.

Kaka yako